Kisukari aina ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utafiti wa kuzuia na kuponya

Maswali haya huulizwa na wazazi ambao mtoto wao ametoka kugunduliwa, na ndugu wa wagonjwa wanaohofia kwamba zamu yao inakuja, na watu waliojidunga insulini tangu utotoni na wamechoka kuambiwa tiba iko karibu. Tumeanza na mambo ya msingi. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaona namba ya swali la kutazama.

## Mambo ya msingi

1. Tiba ya kuponya imeshapatikana?

Bado. Wapo watu wachache walioacha kujidunga insulini baada ya kupandikizwa seli (swali la 14), na ipo dawa inayochelewesha ugonjwa (swali la 11). Lakini hakuna tiba ambayo daktari anaweza kumwandikia kila mgonjwa akapona. Kama una aina ya kwanza, insulini ndiyo inayokuweka hai leo. Kuiacha hata kwa siku chache, kwa ahadi ya mtu yeyote yule, kunaweza kuua.

2. Je, ugonjwa huu huletwa na kula sukari nyingi?

Hapana. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuzishambulia seli beta za kongosho, na hizo ndizo zinazotengeneza insulini. Zikishapungua mno, sukari hurundikana kwenye damu, na ndipo mtu anaanza kukojoa sana, kuwa na kiu isiyokatika na kukonda.

Mzazi hakumwambukiza mtoto, wala hakumlisha ugonjwa. Tunalisema wazi kwa sababu wazazi wengi hubeba lawama hii kimyakimya kwa miaka. Urithi una sehemu yake, lakini hauamui peke yake: pacha wa kufanana kabisa anaweza kuugua na mwenzake, mwenye jeni zilezile, akaishi miaka mingi bila ugonjwa. Hicho kinachozidi juu ya urithi ndicho watafiti wanakitafuta (swali la 13).

3. Insulini ina zaidi ya miaka mia. Mbona hatujafika?

Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini na kuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa nayo. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa wa kuishi nao. Lakini insulini inajaza pengo tu; haigusi kinachosababisha pengo. Na kwa zaidi ya miaka hamsini baada ya hapo hakuna aliyekuwa na ushahidi thabiti wa kinachoziua seli beta. Ushahidi huo ulipatikana mwaka 1974, Gian Franco Bottazzo na Deborah Doniach walipoonyesha mjini London kwamba damu ya baadhi ya wagonjwa ina kingamwili, yaani protini za kinga, zinazolenga seli za kongosho lao wenyewe. Kwa hiyo utafiti wa kuzuia ni mchanga kuliko watu wanavyodhani, na sehemu kubwa ya miaka yake imetumika kusubiri watoto wakue.

4. Unawezaje kuzuia ugonjwa unaoanza ghafla?

Hauanzi ghafla. Dalili ndizo zinazojitokeza ghafla. Tangu 2015 wataalamu wanaugawa katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza damu ina kingamwili mbili au zaidi dhidi ya kongosho, lakini sukari ni ya kawaida na mtu hahisi chochote. Katika hatua ya pili kingamwili zipo na sukari imeanza kuyumba, ila bado hakuna dalili. Hatua ya tatu ndiyo ile ambayo zamani tuliiita mwanzo wa ugonjwa.

Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu inaweza kupita miezi, au miaka zaidi ya kumi. Dirisha hilo ndilo msingi wa utafiti wote wa kuzuia.

5. Je, haya yanahusu pia aina ya pili?

Kwa sehemu ndogo. Aina ya pili haitokani na kinga kuzishambulia seli beta, kwa hiyo dawa za kutuliza kinga hazina kazi huko.

## Kwa nini utafiti huu hufanywa kwa kushirikiana

6. Kwa nini hospitali moja kubwa haiwezi kulimaliza jambo hili?

Kwanza, idadi. Inakadiriwa kwamba mwaka 2022 watu wapatao milioni 8.7 duniani waliishi na kisukari aina ya kwanza. Ni wengi, lakini wametawanyika, na mtafiti wa kuzuia hawahitaji wao. Anamhitaji mtu ambaye *bado* hajaugua ila yuko njiani. Watu wa namna hiyo hawaji hospitali, kwa sababu hawaumwi. Inabidi uwapime maelfu ili uwapate kumi.

Mfano mzuri ni jaribio la teplizumabu, ile dawa inayochelewesha ugonjwa (swali la 11). Lilianza 2011, likakamilika 2018, likiwa na vituo Marekani, Kanada, Australia na Ujerumani. Pamoja na upana wote huo lilipata washiriki 76. Kituo kimoja kikifanya peke yake, mtafiti angestaafu kabla ya kupata jibu.

Pili, muda. Ukitaka kujua kinachoanzisha ugonjwa lazima umfuate mtoto tangu kuzaliwa, na hakuna ruzuku ya miaka mitatu inayotosha kwa kazi hiyo. Tatu, kongosho lenyewe limejificha nyuma ya tumbo na halipendi kuguswa. Nchini Norwe, watafiti waliwaomba watu wazima sita waliokuwa wametoka kugunduliwa wakubali kukatwa kipande kidogo cha mkia wa kongosho. Watatu kati yao walipata madhara ya upasuaji, na kazi ikasimamishwa. Vipande vya watu hao sita vimeifundisha dunia mengi, na tunawashukuru, lakini njia hiyo haiwezi kuwa ya kawaida. Ndiyo maana kila tone la damu na kila kipande cha kongosho kinachopatikana hugawanywa kwa maabara nyingi badala ya kufungiwa kwenye friji ya mtu mmoja.

7. Mitandao hiyo ni ipi, na kila mmoja unafanya nini?

TrialNet ndio unaojulikana zaidi. Unafadhiliwa hasa na taasisi za afya za serikali ya Marekani, kwa msaada wa mashirika ya wagonjwa kama Breakthrough T1D, ambalo hadi 2024 liliitwa JDRF na lilianzishwa na wazazi. TrialNet hupima ndugu wa wagonjwa. Umeshapima zaidi ya 200,000. Wanaokutwa na kingamwili hufuatiliwa na wengine hualikwa kwenye majaribio ya dawa.

TEDDY hautoi dawa. Wenyewe hutazama tu, na kwa subira ya ajabu. Kati ya 2004 na 2010 ulipima jeni za watoto wachanga zaidi ya 424,000 nchini Marekani, Ufini, Uswidi na Ujerumani, ukasajili 8,676 wenye hatari kubwa, na kuwafuata kuelekea umri wa miaka 15. Wazazi wamekuwa wakileta damu, kinyesi, kucha zilizokatwa na madaftari ya vyakula vya watoto wao. Ukisoma popote kwamba virusi fulani au chakula fulani kinahusishwa na ugonjwa huu, kuna uwezekano mkubwa kwamba ushahidi umetoka kwenye madaftari hayo.

Ulaya kuna INNODIA, unaoshughulikia zaidi watu waliogunduliwa karibuni, na GPPAD, unaofanya majaribio ya kuzuia kwa watoto wachanga. Na upo nPOD, ambao unastahili swali lake.

8. Ni kweli kuna watu wanaokusanya makongosho ya marehemu?

Ni kweli, na ni kazi ya heshima. Mradi wa nPOD ulianzishwa 2007, na makao yake yako Chuo Kikuu cha Florida. Mtu mwenye kisukari aina ya kwanza, au mwenye kingamwili tu, anapofariki na familia ikaridhia kutoa viungo, kongosho husafirishwa haraka likiwa kwenye barafu. Likifika hugawanywa sehemu ya kichwa, ya katikati na ya mkia. Vipande vingine hugandishwa, vingine huhifadhiwa kwenye nta na kukatwa vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha hutumwa kwa watafiti wa nchi mbalimbali. Sharti ni moja: unachogundua kinarudi kwa wenzako.

Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba baada ya miaka kadhaa seli beta huwa zimekwisha kabisa. Makongosho haya yameonyesha wagonjwa wa miongo mingi waliobakiwa na seli chache zenye insulini. Kadhalika yameonyesha kwamba kongosho la mgonjwa huwa dogo kuliko kawaida. Mambo hayo yamebadilisha maswali yanayoulizwa leo (tazama la 22).

## Kupimwa

9. Nani apimwe, na matokeo yana maana gani?

Anayeanza kufikiriwa ni ndugu wa karibu: mtoto, kaka, dada au mzazi wa mgonjwa. Hatari kwa jumla ya watu ni takriban mtu mmoja kati ya 300. Kwa ndugu wa karibu ni takriban mmoja kati ya 20. Lakini wagonjwa wapya walio wengi hawana ndugu yeyote mwenye ugonjwa huu, na ndiyo sababu sasa kuna juhudi za kupima watoto wote. Katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, mradi wa Fr1da uliwapitia watoto 90,632 kwa madaktari wa kawaida wa watoto, ukakuta takriban watatu katika kila elfu wako njiani. Italia ilipitisha sheria ya upimaji wa watoto kitaifa mwaka 2023, ya kwanza ya aina yake duniani.

Kipimo ni damu kidogo, mara nyingi ya kuchoma kidole. Hutafutwa kingamwili kadhaa, zikiwemo dhidi ya insulini yenyewe na dhidi ya vimeng'enya na protini za seli beta. Kukuta moja tu si hukumu. Wengi wenye moja hawaugui, na wakati mwingine hutoweka. Zikiwa mbili au zaidi mambo hubadilika. Uchambuzi uliochapishwa 2013 kwa watoto wa Marekani, Ufini na Ujerumani ulionyesha kwamba wapatao 70 kati ya 100 wenye kingamwili mbili au zaidi walifika kwenye ugonjwa kamili ndani ya miaka kumi. Majibu yenye kingamwili lazima yarudiwe kwa sampuli ya pili kabla ya mtu kuambiwa neno lolote zito.

Kutokuwa nazo leo si hati ya maisha, hasa kwa mtoto mdogo. Hurudiwa baada ya muda.

10. Kuna faida gani kujua, kama huwezi kuzuia kabisa?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na lina haki ya kujibiwa kikamilifu. Faida kubwa kuliko zote ni kuepuka kufika hospitali mtoto akiwa mahututi. Watoto wengi hugunduliwa wakiwa tayari wana asidi ya ketoni iliyozidi kwenye damu: wanatapika, wanahema kwa nguvu, pengine wamepoteza fahamu. Baadhi hufa wakidhaniwa wana malaria au nimonia. Familia inayojua mapema hujifunza dalili, hupima sukari mara kwa mara, na hupata nafasi ya kuanza insulini kwa utulivu. Katika tafiti za ufuatiliaji, watoto waliojulikana mapema hupatwa na hali hiyo kwa nadra sana.

Hasara ipo pia. Hofu. Kuna wazazi wanaoamka usiku kumpima mtoto ambaye hana dalili yoyote. Mradi wa upimaji usio na mtu wa kuzungumza na familia baada ya majibu haujakamilika, na unayo haki ya kuuliza, kabla ya kutoa damu, nani atakupigia simu na atabaki nawe kwa muda gani.

## Kuzuia

11. Teplizumabu ni nini, na inafanya nini hasa?

Ni dawa inayotuliza seli T, yaani askari wa kinga wanaozishambulia seli beta. Hutolewa kwa dripu kila siku kwa siku 14. Kwenye lile jaribio la watu 76, wote ndugu wa wagonjwa waliokuwa hatua ya pili, waliopewa dawa walichukua muda wa kati wa miezi 48 hadi kuugua. Waliopewa dawa bandia, yaani isiyo na kiambato cha kutibu, ili kulinganisha, walichukua miezi 24. Matokeo yalichapishwa 2019. Novemba 2022 Marekani iliidhinisha dawa hii, kwa jina la biashara Tzield, kwa watu wa miaka 8 na kuendelea walio hatua ya pili. Ilikuwa dawa ya kwanza kuidhinishwa kuchelewesha ugonjwa huu.

Wengine husikia miaka miwili wakaona ni kidogo. Hebu mfikirie mtoto wa miaka tisa. Miaka miwili ni usiku zaidi ya mia saba ambao mzazi analala bila kuogopa sukari kushuka, na ni mtoto anayeanza kujidunga akiwa na miaka kumi na moja, umri ambao anaweza kuelewa anachofanyiwa. Na hicho ni kipimo cha kati. Wapo waliokaa muda mrefu zaidi.

Madhara yaliyoonekana sana ni upele, maumivu ya kichwa na kupungua kwa muda kwa chembe nyeupe za damu. Haiponyi, na haimfai mtu ambaye tayari ana ugonjwa kamili kwa kibali hicho.

12. Kwa nini majaribio mengi ya kuzuia yameshindwa?

Yameshindwa kuzuia, ila hayakushindwa kujibu. Insulini ya sindano kwa dozi ndogo ilijaribiwa Marekani. Mwaka 2002 ikajulikana haizuii. Vitamini aina ya nikotinamidi ilijaribiwa na mtandao wa Ulaya. 2004 jibu likawa hapana. Insulini ya kumeza imejaribiwa zaidi ya mara moja kwa ndugu wa wagonjwa, kisha mtandao wa GPPAD ukaijaribu kwa watoto wachanga 1,050, nako haikuzuia kingamwili kujitokeza.

Kila "hapana" kati ya hizo imeokoa familia nyingine zisipoteze miaka kwenye njia isiyofika. Na ni majaribio hayo yaliyoshindwa ndiyo yaliyojenga vituo, orodha za ndugu na vipimo ambavyo baadaye teplizumabu ilivitumia. Mtafiti anayechapisha matokeo yasiyopendeza anastahili heshima sawa na yule mwenye habari njema.

13. Vipi kuhusu maziwa ya ng'ombe, virusi, na chanjo za utotoni?

Maziwa: dhana ilikuwa kwamba protini ya maziwa ya ng'ombe ikimfikia mtoto mapema inaamsha kinga vibaya. Jaribio la TRIGR liliwachukua watoto 2,159 kutoka nchi 15 na kulinganisha maziwa ya kopo ya kawaida na yale ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Mwaka 2018 jibu lilitoka: hakuna tofauti. Hilo limefungwa kwa kiasi kikubwa.

Virusi ni jambo lililo hai. Kundi la virusi vya utumbo liitwalo enterovirusi linatiliwa shaka kwa muda mrefu, na TEDDY iliona kwamba tatizo huenda ni maambukizi yanayokawia mwilini, si yale ya kupita siku chache. Nchini Norwe na Denmark, watoto na vijana 96 waliotoka kugunduliwa walipewa dawa mbili za kuua virusi kwa miezi sita, na baada ya mwaka mmoja kongosho lao lilikuwa linatengeneza insulini zaidi kuliko la wenzao. Ni dalili nzuri inayohitaji kurudiwa.

Chanjo za kawaida za utotoni hazisababishi kisukari aina ya kwanza. Mpe mtoto chanjo zake.

## Kuponya

14. Nimesikia watu wamepona kwa seli shina. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake, na ni ukweli wa kusisimua, ila una masharti.

Safari ilianza na seli za marehemu. Mwaka 2000 kundi la Edmonton, Kanada, likiongozwa na James Shapiro, lilitangaza kuwa wagonjwa saba waliopandikizwa visiwa vya Langerhans, yaani vikundi vya seli vinavyobeba seli beta, wameacha insulini. Hospitali tisa za nchi mbalimbali zikalirudia jambo hilo kwa wagonjwa 36, na hapo ndipo faida ya kushirikiana ilipoonekana: miaka miwili baadaye wengi walikuwa wamerudi kwenye insulini, ingawa waliobakiwa na seli hai walilindwa dhidi ya sukari kushuka vibaya. Isitoshe, mgonjwa mmoja mara nyingi alihitaji makongosho ya marehemu wawili au zaidi. Hayatatosha kamwe.

Seli shina zinaondoa tatizo la uhaba, kwa kuwa zinaweza kuoteshwa maabara na kufundishwa kuwa seli za visiwa. Juni 2025 yalichapishwa matokeo ya zimisleseli, seli za kampuni ya Vertex zinazoingizwa kwenye mshipa unaoelekea ini. Kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili, 10 hawakuwa wakitumia insulini baada ya mwaka mmoja. Wote walikuwa watu ambao sukari ilikuwa ikiwashuka kwa hatari, na hilo lilikoma.

Sasa masharti. Wote wanameza dawa za kushusha kinga ili mwili usizikatae seli. Kwenye utafiti huo mshiriki mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, aina ya maambukizi yanayowapata watu ambao kinga yao imeshushwa. Kwa mtu anayepoteza fahamu mara kwa mara, hatari hiyo inaweza kubebeka. Kwa mtoto anayeendelea vizuri na insulini, kwa maoni yetu, haibebeki.

15. Je, seli haziwezi kupandikizwa bila dawa za kushusha kinga?

Hili ndilo swali lenyewe la muongo huu. Huko Uppsala, Uswidi, mwanamume mmoja alipandikizwa kwenye msuli wa mkono seli za visiwa ambazo jeni zake zilihaririwa ili kinga isizitambue. Hakupewa dawa yoyote ya kushusha kinga. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha seli zikiishi na kutoa insulini. Kiasi alichopewa kilikuwa kidogo, kwa hiyo aliendelea kujidunga. Mtu mmoja ni mwanzo tu.

China nako mwanamke mmoja aliacha insulini baada ya kupandikizwa seli zilizotengenezwa kutokana na seli zake mwenyewe, kama ilivyochapishwa 2024. Habari hii husambazwa bila sehemu yake muhimu: tayari alikuwa anatumia dawa za kushusha kinga kwa sababu ya ini alilopandikizwa zamani. Kwa hiyo haijulishi kama seli zingeokoka bila dawa hizo.

16. Mtoto wangu amegunduliwa wiki hii. Kuna utafiti unaomhusu?

Upo, na muda ni mfupi: majaribio mengi hupokea watu ndani ya siku 100 hivi tangu kugunduliwa, kwa kuwa bado wana seli beta za kuokoa. Kinachopimwa ni peptidi-C, kipande kinachotoka mwili unapotengeneza insulini yake. Insulini ya sindano haina, kwa hiyo kipimo hakidanganyi.

Nchini Australia, kidonge cha barisitinibu, dawa ya baridi yabisi, kilijaribiwa kwa watu 91 kwa wiki 48, na walioimeza walibaki na peptidi-C zaidi. INNODIA nayo ilionyesha 2025 kwamba dawa ya kushusha kinga iitwayo ATG, inayojulikana kwa ukali wake, inafanya kazi hata kwa dozi ndogo mno. Hakuna kati ya hizi inayoondoa insulini. Mwulize daktari wako wa kisukari mapema, hata kama bado una kizunguzungu cha habari yenyewe.

## Kushiriki

17. Nikiangukia kundi la dawa bandia, nitaachwa bila matibabu?

Hapana. Kila mshiriki hupata huduma yote ya kawaida, pamoja na insulini akiihitaji. Dawa bandia huchukua nafasi ya ile inayochunguzwa tu. Kupangwa hufanywa kwa kura, na si wewe wala daktari anayekuhudumia anayejua umepata nini. Inauma, hasa ukiwa na mtoto. Lakini bila kundi hilo tusingejua kama miezi 24 ile ya ziada (swali la 11) ilitokana na dawa au na bahati.

18. Naweza kujitoa?

Wakati wowote, bila kutoa sababu, na bila kupoteza huduma yako. Fomu ya ridhaa isiyosema hivyo usiisaini.

19. Nani anamlinda mtoto asiyeweza kukubali mwenyewe?

Mzazi au mlezi huridhia, na mtoto mwenye kuelewa naye huulizwa. Akikataa, kukataa kwake kuna uzito. Juu yao kuna kamati ya maadili inayopitia mpango kabla haujaanza, na kamati huru ya usalama inayotazama matokeo kila baada ya muda na yenye mamlaka ya kusimamisha jaribio.

20. Damu na jeni zangu zikisambazwa kwa nchi nyingi, siri yangu iko wapi?

Sampuli husafiri na namba, si jina. Orodha inayounganisha namba na jina hubaki kwenye kituo ulichojisajili. Uliza mambo matatu: sampuli itahifadhiwa miaka mingapi, kampuni za biashara zitaruhusiwa kuitumia au la, na ukijitoa itaharibiwa au itabaki. Majibu ya kukwepa yatoshe kukufanya usite.

## Maswali magumu

21. Tafiti hizi nyingi ni za Wazungu. Zinawahusu Waafrika?

Ni kasoro ya kweli. Vipimo vya jeni vya kukadiria hatari vilijengwa kwanza kwa takwimu za watu wenye asili ya Ulaya, na havifanyi kazi vizuri hivyohivyo kwa wengine. Utafiti uliochapishwa 2025, wa vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wameambiwa wana aina ya kwanza, ulikuta kwamba takriban 65 katika kila 100 hawakuwa na kingamwili za kawaida za ugonjwa huu. Inaelekea wengi wao wana kisukari cha namna nyingine, kisichotokana na kinga.

Uzito wake ni mkubwa. Kama ugonjwa si uleule, dawa ya kutuliza kinga haitawasaidia, na kuwapima kingamwili kutawakosa. Ushirikiano ambao Afrika inaombwa tu sampuli hautoshi. Unahitaji maabara na watafiti walioko huko, wanaouliza maswali yao wenyewe. Mpaka ithibitike vinginevyo, anayetumia insulini aendelee nayo bila kujali jina la aina.

22. Nina kisukari kwa miaka arobaini. Nimeshapitwa?

Kwa dawa za kuzuia, ndiyo. Kwa upandikizaji wa seli, hapana: wanaopokelewa kwanza huwa watu wazima walioishi na ugonjwa muda mrefu. Na kama ilivyosemwa kwenye swali la 8, huenda bado una seli beta chache hai, na kuna watafiti wanaotaka kujua zimeokokaje. Unaweza pia kueleza familia yako mapema kwamba ungependa kongosho lako litumike kwa utafiti, kwa sababu siku hiyo ikifika wao ndio watakaoulizwa na muda utakuwa mchache.

23. Si kweli kwamba kampuni za dawa zinaficha tiba ili ziuze insulini?

Hasira dhidi ya bei ya insulini ina msingi. Lakini kampuni zinazofuatilia tiba hii zinashindana, na ya kwanza kufika itavuna kuliko zote. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya kazi hii imefadhiliwa na serikali na wazazi, na matokeo yake huchapishwa hadharani. Jambo lililo mikononi mwa maelfu ya watafiti wa nchi nyingi, ambao baadhi yao wana ugonjwa huu au wana watoto wenye ugonjwa huu, halifichiki.

24. Kuna kliniki inaniahidi kuniponya kwa malipo. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Jaribio halali halimlipishi mshiriki dawa inayochunguzwa. Limesajiliwa kwenye rejista ya umma ambapo unaweza kulitafuta kwa namba yake, lina kibali cha kamati ya maadili, na litakupa fomu ya kwenda nayo nyumbani ukaisome. Litakutajia madhara hata bila kuuliza. Ukiambiwa hakuna madhara, ukaonyeshwa video za waliopona badala ya matokeo yaliyochapishwa, ukahimizwa kulipa leo, au ukatakiwa kuacha insulini, ondoka. Kama tayari umeiacha na unatapika, unahema kwa kasi au tumbo linauma, nenda hospitali sasa hivi na useme mlangoni kwamba una kisukari aina ya kwanza.